Mbonyeo wa Ubavu wa Tatu

Aliuleta udi umeviringishwa shuka la kitanda,
akauweka mezani pangu, juu ya maranda.
Barabara ya Kumi na Sita, Ngamiani, saa nne asubuhi,
kabati la watu halijaisha, na mwenye kabati anaoa Jumapili.
"Wewe ndiye fundi Mntambo? Nimeambiwa mkono wako hauna papara."
Akaugeuza mgongo. Ubavu wa tatu kutoka chini,
shimo la upana wa kokwa ya ukwaju,
vanishi imepasuka ukingoni kama ukoko wa uji.
"Wa babu," akasema. "Uliangushwa zamani, na kijana mmoja mbebaji.
Mlevi mlevi. Nyumbani hawamtaji."

Nikachukua miwani.
Miwani sikuihitaji.

Kuna jeraha la mti na kuna jeraha la mti.
Ukichubuka, kuna kilichotoka, utatia kiraka.
Ukibonyea, hakuna kilichopotea:
nyuzi zimelala tu, zimekandamizwa, zipo.
Ndivyo ninavyowafunza vijana, nao huitikia, "Ndiyo, fundi,"
macho kwenye simu.

Nikaanza na wembe. Nikakwangua vanishi pale pale tu,
kama anayemnyoa mtoto utosi.
Nikakunja kipande cha kanga mara nne, nikakilowesha,
nikagusisha pasi ya mkaa, ncha, si tumbo,
hesabu tatu, nyanyua. Hesabu tatu, nyanyua.
Ukizidisha moto gamu italegea, mbavu zitaachana,
utabaki na kapu la vijiti na la kumwambia mwenyewe huna.
Mvuke ukapanda na harufu
ya mkangazi, ya ubani, ya jasho la Maalim Sempombe,
ya usiku ule.

Tulitoka harusini Kigombe, pikapu ya kukodi, matope.
Kibwana Mdoe alikuwa amesinzia juu ya nyaya.
Mimi ndiye niliyeshuka na udi. Mimi ndiye niliyeteleza.
Pembe ya spika ikasema ko! mara moja,
kama hodi ya mgeni asiyerudia.
Nikautia mfukoni mwake. Zipu ilikuwa imekufa, nikafunga kamba.
Asubuhi Maalim alipouliza, nilikuwa nimeinama, nafunga viatu.
Kibwana hakuwa na la kusema, maana hakujua,
na asiyejua hufanana sana na anayeficha.
Klabu ikamtoa. Akarudi Mkinga kwa mama yake.
Posho yake nikaongezewa mimi.
Nikanunulia randa.
Randa hii.

Mbonyeo ukainuka, kwanza ukingo, kisha kitovu.
Nikadondosha vanishi kwa njiti ya kiberiti,
tone moja, nikangoja siku, tone jingine, siku nyingine,
wa kabati akaja kugomba, akaondoka, akarudi kugomba.
Nikasawazisha kwa msasa wa maji,
nikasugua kwa pamba yenye chembe ya mafuta, duara, duara,
hadi dirisha likaonekana humo, na nondo zake,
na mzee mmoja ambaye sikumkaribisha.

Alhamisi akaja. Akapitisha kidole.
Akafumba macho, akapitisha tena.
"Haupo," akasema. "Haupo kabisa! Shilingi ngapi?"

Ningeweza kutaja elfu thelathini.
Elfu thelathini ni bei nzuri, haina maswali.
Nikaupeleka udi mlangoni, nikauinamisha
mpaka jua likaupiga kwa upande,
na pale pale palikuwa na kivuli, chembamba, kama cha unyoya.
Yeye hakukiona. Sharti ujue pa kutazama.

"Kibwana Mdoe," nikasema, "yu hai?"
Akaniuliza, "Nani?"

Nikazima redio.
Nikamvutia kiti.