Sahihi ya Oktoba

Barafu haikuja kama barafu.
Ilikuja chenga, kama mchele uliovunjika kinuni,
ikielea chini ya uso wa maji, haionekani, haisikiki,
usiku wa nyuzi kumi na saba chini ya sifuri
upepo ukiifagia Ghuba ya Bothnia.
Saa kumi kasoro dakika ishirini
wavu wa maji ya kupoza ukaziba.

Pampu ya kwanza ikakohoa.
Nimeitunza miaka kumi na mmoja, naijua sauti yake.
Ile haikuwa pampu inayokunywa maji;
ilikuwa inameza upepo.

Juu, katika chumba cha udhibiti, Veijo Rautakoski
hakupaza sauti. Alisoma mstari, Aune akaurudia,
akasoma mwingine, Aune akaurudia,
kama watu wawili wanaokunja shuka pana,
pindo kwa pindo, lisiguse sakafu.
"Zima kinu."
"Nazima kinu."
"Kinu kimezimwa."

Kimezimwa, lakini hakijazimika.
Hilo wageni hawalielewi tunapowatembeza:
kinu hiki hutwanga hata mchi ukiondolewa.
Jivu lake halipoi kwa saa, halipoi kwa siku,
nalo hudai maji
kama mdai asiyejua kubisha hodi.

Pampu ya pili ikawaka. Tukashusha pumzi.
Dakika nne. Beringi ikapanda nyuzi tisini,
mia moja na tano,
ikajikata yenyewe, na haki ilikuwa yake.
Ya tatu ilikuwa imelala sakafuni, kifuniko wazi,
nati zake ndani ya kopo la kahawa
lenye mwandiko wa Ilpo: MSIGUSE.

Ikabaki vali ya kumi na nne,
ile inayorudisha maji ya uvuguvugu
mlangoni pa bahari, yakayeyushe chenga.
Aune akabonyeza. Taa ya kijani haikuwaka.
Akabonyeza tena; taratibu inaruhusu mara mbili.
Kisha redio begani mwangu: "Kerttu. Kwa mkono."

Kwa mkono ni gurudumu pana kama sinia la pilau,
mizunguko mia mbili na kumi na miwili.
Tulipokezana, Ilpo na mimi, tukihesabu kwa sauti.
Arobaini. Glavu ikateleza kwa grisi, nikaivua.
Tisini na moja. Ilpo akatapika, akajifuta, akashika tena.
Mia moja na ngapi, hesabu ikanipotea.
Ilpo akasema thelathini, nikamwamini,
kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumwamini.

Na kila mzunguko nilimwona mwanamke mmoja,
Oktoba, dakika za mwisho za zamu, koti tayari begani.
Anasikia mota ya vali hii ikivuma vibaya kidogo.
Kidogo tu.
Mwanawe anangoja nje ya uwanja wa magongo,
viatu vya barafu vimefungwa shingoni.
Anatia alama kwenye kisanduku: SAWA.
Sahihi ile naijua. K yake ina mkia mrefu.

Mzunguko wa mia mbili na tisa, bomba likatetemeka.
Sitasema maji yaliimba.
Yalikuja tu, mazito,
kama mtu aliyechelewa na asiyeomba radhi.
Juu, sindano ya geji ikainuka upana wa ukucha,
na Aune, ambaye hasahau taratibu,
alisahau kurudia maneno ya Veijo.

Alfajiri mji ulichemsha kahawa yake
kwa umeme wa kuazima kutoka kusini, bila habari.
Kiganja changu kilishindwa kushika kijiko.
Veijo akanisogezea fomu, akageukia dirisha.
"Andika kilichotokea," akasema,
"kuanzia kilipoanzia."

Nikaandika: saa kumi kasoro dakika ishirini.
Nikakata.
Nikaandika: Oktoba, tarehe kumi na tisa.