Njiwa wa Firmin

Daktari Maenhout akaniita nami nisikilize
mgongo wa mume wangu.
Sauti kama utepe wa kunata wa kiatu cha mtoto
unapobanduliwa. Krrr. Kila pumzi.

Picha ilionyesha vitundu vitundu,
mapafu mfano wa sega lililokaushwa asali.
"Hili ni kovu," alisema. "Kidonda hupona,
kovu hukaa."

Tulidhani mgodi umekuja kudai,
maana Firmin alishuka humo na miaka kumi na sita.
La. Ni wale wa darini,
hamsini na wawili, kila mmoja na jina lake:
vumbi la manyoya, kinyesi kikavu,
miaka arobaini akivuta huku akipiga mluzi.
Kikulacho, kumbe, unakilisha kwa kiganja.

Vidonge vya kwanza vilipoza uvimbe,
vikamtia uso wa mwezi na hasira za usiku.
Vya pili vinalichelewesha kovu.
"Kulichelewesha," alirudia daktari,
kama mtu anayeomba radhi.
Sasa mrija wa oksijeni unamfuata hadi jikoni,
nami nauruka nikibeba supu.

Jumamosi Gaspard alikuja na makreti,
akawapeleka njiwa wote kwake Ronse.
Nilisugua dari kwa maji, barakoa usoni.

Jumatatu, kumi na mmoja walikuwa juu ya paa.

"Usifungue," nikasema.
Akaweka kiganja kwenye kioo,
akaanza kuwaita kwa majina, polepole,
pumzi ikamwishia
kwa wa saba.