Mpaka wa Kusini

Swali la nne: Taja mipaka ya wilaya yako.
Nasahihisha madaftari arobaini na moja
kwa taa ya sola. Kisoro imelala,
mvua ya Sabinyo inagonga bati kama mdai.

Wameandika walivyokaririshwa:
kaskazini Kanungu, mashariki Rubanda,
magharibi Kongo, kusini Rwanda.
Vema. Vema. Vema.

Kisha daftari la Nyiransaba,
linalonuka moshi wa jikoni:
“Kusini tunapakana na shangazi yangu.”

Kalamu nyekundu ikasita.

Babu yangu Sebikari alibeba mnyororo wa kupimia
wa Mdachi mmoja, ndevu rangi ya nyuzi za mahindi,
aliyetoka, alisema, wilaya ya mashamba huko kwao:
mto mmoja mwembamba, kanisa la matofali,
na viazi, viazi hadi macho yachoke.
Jioni aliichora mavumbini kwa kijiti.
Wapagazi wakauliza, milima iko wapi?
Haikuwepo. Kwao ni tambarare kama sahani.
Babu alimwonea huruma,
akamwongezea kuni motoni.

Kulipokucha, mtu yuleyule aliyelilia kwao
alinyoosha kamba katikati ya mtama wa mama mkwe wa babu,
akarundika mawe meusi, akaandika namba.
Mtama wa huku ukawa wa Mwingereza,
wa kule ukawa wake,
ndege wakala kotekote.

Halafu wakapigana, huko Chahafi,
kando ya ziwa ambalo hakuna kati yao
aliyewahi kuteka maji yake kwa mtungi.
Mdachi akaenda zake. Rundo la mawe likabaki,
mbuzi hulipanda.
Muhabura nao umesimama palepale;
jina lake ni mwonyesha njia,
na sijasikia umemwonyesha mtu mpaka.

Shangazi huyo namjua.
Huuza maharage Kyanika siku ya soko.
Miaka ile lango lilipofungwa
alisimama ukingoni mwa shamba
akaita msiba kwa sauti,
jina la marehemu, saa ya mazishi,
na huku dada yake akajibu kwa kilio,
askari wa pande mbili wakitazama viatu vyao.

Nimempa mtoto alama moja kati ya mbili.
Nimeifuta.
Mkaguzi anakuja Alhamisi.
Nimeandika pembeni, kwa penseli:
Jina kamili la shangazi?