Nguvu Inayorudi

Simu ya Sechelela, saa moja kasoro usiku:
"Kaka Ndahani, tuko kimya."
Hakusema mtambo umezima. Alisema tuko kimya,
kwa sauti ile ya kutoa taarifa ya msiba.

Nikapanda kilima na pikipiki,
bisibisi tatu, mita, tepu nyeusi, ndizi moja ya chakula cha usiku.
Mvua ya kwanza ilipita alasiri,
dakika kumi na tano tu, Kongwa yote ikanuka udongo,
watu wakatoa ndoo, sufuria, hata beseni la kuogeshea mtoto,
kisha wingu likashika njia ya Kibaigwa
kama mdeni akwepaye duka.

Masima mlinzi ananimulikia tochi.
"Fundi, ni radi?"
Sijui. Aliyenifunza kazi alikataza kujibu
kabla pua haijaingia. Kwa hiyo nanusa.
Hakuna kilichoungua. Feni imevaa vumbi la miezi saba,
lakini inazunguka. Fyuzi nzima.
Taa moja tu, nyekundu, imekodoa.

Nikazima. Nikasubiri.
Vijana wana haraka hapa, ndipo wanapochapwa:
kapasita hasahau upesi kama binadamu,
umezima swichi, yeye bado ana kinyongo.
Nikamgusisha waya wa ardhini. Cheche moja, ya bluu.
Sasa tunaweza kuongea.

Nikachomoa kebo ya mnarani,
mahali pake nikafunga mzigo bandia,
kile kichuma chenye mapezi kinachomeza kila kitu.
Nikamwambia Sechelela asome, nipate sauti ya kupimia.
Mtambo ukapanda, wati mia tatu, bila kukohoa.
Akasoma bei ya gunia la mahindi.
Akasoma mazishi ya Mama Mbeleje, kesho saa saba.
Akasoma ng'ombe wa Mzee Chisena,
mwekundu, pembe ya kushoto imevunjika,
ameonekana mara ya mwisho njia ya Mlali.
Yote yakaingia kwenye kichuma, yakageuka joto.
Nikaweka kiganja juu yake.
Mazishi ya mtu yalikuwa vuguvugu,
kama chungu cha mlenda kilichoipuliwa muda kidogo.

Basi mtambo ni mzima. Ugonjwa uko nje.
Nikarudisha kebo, nikatazama sindano ya pili,
ile wasiyoijua watangazaji: nguvu inayorudi.
Ikaruka. Neno linapanda hadi katikati ya mnara,
linakuta mlango umefungwa, linarudi nyumbani
na hasira ya kumuunguza aliyelituma.
Nina shangazi wa namna hiyo.

Mnara uliolowa haupandwi usiku. Ndizi tukagawana.
Alfajiri nikazima kila kitu, nikajifunga mkanda,
mita kumi, ishirini, upepo ukinipekua mifuko.
Kule chini wanawake na madumu ya njano
wanarudi kutoka kwenye bomba lililotoa hewa.
Kiungio cha tatu, tepu imepasuliwa na jua.
Nikafungua kwa spana.

Likadondoka tone.
Moja. Labda na nusu.

Nikacheka peke yangu, nimekumbatia chuma.
Wilaya nzima imetega vyombo,
na haya machache yamekuja kujificha
ndani ya shaba, mahali pekee pasipoyataka.
Nikafuta kwa ncha ya shati, nikapaka spiriti,
nikazungusha tepu mpya kutoka chini kwenda juu,
kama vigae, ili ya kesho yateleze.

Nilipowasha, Masima alikuwa na redio yake sikioni,
ile iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.
Mkwaruzo. Mkwaruzo. Halafu Sechelela, koo limekauka:
"... ya kushoto imevunjika. Narudia ..."

Masima akapunguza sauti.
"Fundi, ulipokuwa huko juu, hukumwona?"

Nilikuwa natazama tone.