Saa Moja na Nusu

Resolute hadi Grise Fiord, jedwali linasema,
kilomita mia tatu themanini na nne,
saa moja na nusu angani.
Limebandikwa juu ya mizani
ninapopimia mizigo na watu,
watu kwa kilo, sawasawa na viazi,
na karatasi yenyewe haijawahi kutoka nje.

Nje ni Januari.
Jua liliaga tangu Novemba
bila kusema linakwenda wapi.
Kwetu Urambo saa huhesabiwa jua likichomoza:
moja ni ile nuru ya kwanza juu ya tumbaku.
Hapa nazunguka na saa mkononi
kama mwenye ufunguo wa nyumba iliyobomolewa.
Mama akipiga simu, "Huko saa ngapi, Mihambo?"
namjibu, "Mama, bado haijaanza."

Kwenye droo yangu kuna miwani.
Ya kusomea, fremu ya kahawia, gramu thelathini na moja,
ya Leetia wa posta, Grise Fiord.
Siku ya kwanza, upepo wa ubavuni.
Ya pili, upepo umelala huku, umeamka kule,
na kule uwanja ni kipande cha changarawe
kilichobanwa kati ya mlima na bahari iliyoganda;
rubani anakata kona ukutani,
na ukuta haujui samahani.
Ya tatu, ya nne, ukungu.
Ya tano ndege ilipaa. Ikafika. Ikachungulia. Ikarudi.
Saa tatu kamili angani
kutoka Resolute mpaka Resolute.
Nikawapima tena abiria wale wale:
mmoja alikuwa amepungua nusu kilo.

Siku ya sita nikaivaa. Nisamehewe.
Tarakimu za jedwali zikanona,
ile nne ikanijia hadi puani,
na dirisha, na taa za njia ya kurukia,
vyote vikawa uji.

Leetia hupiga kila siku.
"Umefika, Milambo?" kana kwamba miwani ni mimi.
"Bado."
"Basi nasoma barua za watu kwa kukisia.
Jana nimempa Imooshie deni la Joanasie."
Anacheka, anakohoa.
"Njia hii tuliihesabu kwa kulala.
Wewe umelala mara ngapi?"
"Sita."
"Basi umbali ni sita. Bandua karatasi yako."

Sikuibandua. Ni mali ya serikali.
Ila chini ya mia tatu themanini na nne,
kwa penseli, niliandika sita,
nikafuta, saba,
nikafuta, nane.

Asubuhi ya tisa (naiita asubuhi kwa heshima tu)
rubani alipuliza vidole akasema, "Tujaribu."
Sikuitia miwani guniani. Nilimpa mkononi.
Akaiweka mfuko wa shati,
ndani ya sweta, ndani ya koti, ndani ya koti.

Sikutazama saa. Nilipanga viazi.
Simu ilipolia, kwanza kimya,
kisha sauti ya karatasi ikikunjuliwa.
"Mihambo," alisema polepole, herufi kwa herufi,
akisoma jina langu juu ya kifurushi.
"Mi-ha-mbo.
Miaka miwili hii, nimekuwa nikikuita nani?"

"Mtemi mmoja wa kwetu," nikamwambia.
"Nilikuwa nimeshazoea."