Ngeli ya Vitu Vinavyovunjika

Nsia yuko darasa la tano. Jioni, akishaosha vyombo,
ananifundisha Kiswahili, mimi baba yake.
Anagusa kitu, anasubiri.
Kikombe, nasema. Kiti. Kioo. Kichwa.
"Ngeli gani, baba?"
Ya vitu vinavyovunjika.
Anacheka mpaka anaegemea kabati,
kisha anaandika KI-VI kwenye daftari
na chini yake, kwa penseli: kapata nusu.

Barabara ya Kiboriloni siikumbuki.
Nimesimuliwa: pikipiki, manyunyu, lami inateleza.
Nimesimuliwa siku kumi na tisa za KCMC,
mashine ikipumua kwa niaba yangu,
na Aikande kando ya kitanda akifuma kofia
ambayo ilipokwisha haikuingia, kichwa kimevimba.
Kofia ninayo. Sasa inapwaya.
Ni mtu mwingine aliyeumia siku ile;
mimi nimerithi madeni yake, mke wake, na viatu.

Niliporudi nyumbani walininywesha mtori,
chakula cha mzazi.
Mama mkwe alikoroga, akauliza kwa Kichaga,
na Kichaga kilikuwa kimebaki,
kimefundikwa kwenye upindo kama hela ya sokoni:
"Huyu kazaliwa na nani?"
Hakuna aliyejibu.
Mtori haukuwa na ladha yoyote.
Nikadhani wamenidharau, wamenikoseshea hata chumvi.
Bakuli likaenda ukutani.
Aikande amepaka rangi mara mbili. Doa linarudi.

Kazi yangu ilikuwa pua.
Miaka kumi na sita nilionja kahawa mjini:
unachota kijiko, unafyonza kwa kelele, unatema.
Ningekwambia mzigo huu ni wa Kibosho,
umelowekwa usiku mmoja wa ziada,
na huu ulilala ghala moja na vitunguu.
Sasa nanusa buni ikikaangwa, nanusa kwapa langu,
nanusa mafuta ya taa.
Yote maji.
Daktari alisema nyuzi za harufu ni nyembamba kuliko unywele,
kichwa kikitikiswa zinakatika,
na nyingine hurudi.
Hakusema lini. Nilimpenda kwa kutosema.

Watu wa Majengo wananisimamisha:
"Aisee, umepona kabisa!"
Wanatafuta kovu, nywele zimelifunika.
Nami mfukoni nakunja kidole kimoja kimoja,
natafuta jina la anayenipongeza.

Mwezi wa saba alikuja kijana, mjomba wake mbele,
jani la sale limepigwa fundo mkononi mwake.
Sale halikataliwi. Hilo sikulisahau.
Lakini nilimtazama kama mtu anayetazama foleni ya benki.
Yeye ananiota kila usiku;
mimi sina hata kivuli chake.
Utamsamehe vipi mtu kwa siku usiyokuwapo?
Nikamwuliza: nilivaa nini?
"Shati la bluu."
Nilisema kitu?
Akatazama sakafu. "Ulisema, nishikie mfuko."
Mfuko upi? Hajui. Aikande hajui.
Hakuna mfuko uliofika hospitali.

Nikalipokea jani.
Nikampikia kahawa mwenyewe, nikizima jiko
na kurudi kuangalia kama nimelizima,
na kurudi tena.
Akanywa. Nikamwuliza ikoje.
"Imeungua kidogo," akasema, kisha akaogopa.
Nilicheka, mara ya kwanza nyumbani humo
tangu yule mwingine aondoke na shati lake la bluu.
Mtu wa kwanza kuniambia ukweli.

Jani limekauka juu ya kabati.
Leo Nsia amelishusha, amelipangusa vumbi.
"Jani, baba. Ngeli gani?"
Najua kwamba najua.
Neno liko njiani, linapanda polepole
kama mtu aliyebeba ndizi kutoka Rau.
Aikande jikoni anafungua mdomo kunisaidia.
Nsia anamwinulia penseli: mwache.

Tunasubiri.