Kijiwe

Saa kumi za usiku niligeukia ukutani
na ukuta ukaondoka.
Kitanda kikabinuka kama mkokoteni,
dari ikawa sakafu, sakafu ikawa sijui nini.
Nikapiga ukelele: "Tetemeko! Rosamel, mlango!"
Maana hapa Valparaíso tumezaliwa nalo,
mtoto hujua kusimama chini ya fremu ya mlango
kabla hajajua kusali.

Rosamel akawasha taa.
Akanitazama. Akanitazama tena.
Mezani bilauri yangu ya maji
ilikuwa imetulia kama jicho la samaki.
Hakuna kilichotikisika ila mimi.

Miaka thelathini na sita napaka rangi nyumba za mabati
huku kilimani Barón,
ngazi yangu ya mbao juu ya ngazi za mawe za mji,
na sijawahi kushika ukingo kwa mikono miwili.
Sasa nashika sinki ili nipige mswaki.
Sikio halipiti kichwa, wanasema.
Langu lilikipita, likakibeba, likakibwaga.

Daktari wa kwanza alisema shingo.
Wa pili alisema umri, akaandika vidonge:
mimi nikalala mchana,
kizunguzungu kikakesha.
Jirani alisema mvinyo,
wala hakunong'ona.

Wa nne hakuwa hata daktari.
Ignacia Huenchumil, mtaalamu wa viungo,
binti wa mikono baridi na raba za kukimbilia.
Akanivika miwani mizito yenye kamera ndani,
akanigeuza uso, akanilaza chali kwa ghafla,
kichwa kikining'inia nje ya kitanda.
Dunia ikaja na hasira zake zote.
"Usifumbe," alisema. "Macho yako yananisimulia."

Baadaye alinionyesha kwenye skrini:
jicho langu, kubwa kama sahani,
likiteleza, likiruka, likiteleza,
kama mtu anayesoma mstari uleule asiuelewe.

"Una vijiwe," akasema.
Vya chokaa, vidogo kuliko vumbi la msasa,
vimebanduka mahali pake pa haki
vikahamia mfereji usio wao,
na humo, nikamwelewa kwa namna yangu,
vimefungua kijiwe:
vimekaa kutwa kama vijana wasio na kazi,
na kila nigeukapo vinapiga kelele,
"Mama, unaanguka! Mama, unaanguka!"

Hakukata. Hakuchoma sindano.
Kichwa kulia, tukangoja.
Kushoto, tukangoja; akihesabu kwa midomo tu.
Ubavuni, pua ikitazama sakafu, tukangoja,
kama mtu anayeinamisha chupa
ili ushanga utoke wenyewe.
Kisha akaniketisha.
Dakika nne.
Nikaangalia saa ya ukutani,
na saa ikabaki ukutani.

Sikucheka. Nilimkumbuka mama, Hortensia,
aliyelala ameketi miaka kumi na moja
katika kiti cha ngozi bandia kando ya jiko,
mito miwili shingoni, asigeuke,
asiiname kufunga viatu; tulimfungia sisi,
tukigombania nani afunge cha kushoto.
Shangazi aliita mishipa. Padri aliita msalaba.
Baba aliita maneno mengine.
Labda yake yalikuwa maradhi tofauti, marehemu hapimwi.
Labda yalikuwa dakika nne.

Nilimuuliza Ignacia kama vitarudi.
"Huenda," alisema, akifuta miwani. "Vikirudi, rudi."
Hakunidanganya. Nilimpenda kwa hilo.

Rosamel bado anaweka bilauri ya maji mezani kila usiku,
ijae hadi ukingoni.
Hasemi kwa nini, nami sinywi.

Jumatatu nilipanda ngazi, vipago vitatu tu,
kopo la manjano mkononi.
Nikainua uso kuelekea ukingo wa paa
polepole, kama mtu anayempita mbwa aliyelala.
Mbwa hakuamka.
Nikachovya brashi.